Mama kaandikiwa mboga na daktari. Inashusha sukari kweli?

Binti wa Nyarugusu (Des Moines, Iowa)

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa mawazo, hasa mlioko Marekani na mnaoishi na wazazi wenye sukari.

Mama yangu ana kisukari na presha. Juzi kliniki wamemwingiza kwenye mpango ambao daktari, juu ya dawa, anakuandikia mboga na matunda. Sio utani. Unapewa kadi, kila mwezi inatiwa hela, na hela hiyo hununui kitu kingine chochote isipokuwa mboga na matunda freshi. Ukichanganya na mchele au kuku, mashine inakataa.

Sasa mboga anazozijua mama hazipo kwenye duka linalopokea hiyo kadi. Sombe, yaani kisamvu, tunanunua kwa duka la Waafrika, imeshatwangwa na kugandishwa kwenye mfuko, na iliyogandishwa haihesabiwi. Tukaenda supamaketi. Mama akasimama mbele ya kale, mboga ya majani inayofanana na sukuma wiki, akachuma kipande cha jani, akakinusa, akaniuliza, "Hii wanalisha mifugo gani?" Akarudi na nyanya, vitunguu na chana la ndizi mbivu. Ndizi mbivu, mtu wa sukari! Mwezi ukaisha hela imebaki kwenye kadi, na nimeambiwa isipotumika inafutwa.

Halafu watu wa kanisani wamemtia hofu kwamba ustawi wakijua anapata hii, watatukata EBT, ile kadi ya serikali ya kununulia chakula. Tuna green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) wote, kama hilo linasaidia kujibu.

Na nusura asipate kabisa. Nesi aliuliza maswali mawili kupitia mkalimani wa simu: je, katika miezi 12 iliyopita mliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla hamjapata pesa ya kununua kingine? Na je, kiliwahi kuisha kweli? Unajibu mara nyingi, wakati mwingine, au haijawahi. Mama akasema haijawahi, Mungu anatulisha. Ikabidi niingilie. Kwenye gari alinigombeza: "Njaa naijua mimi. Nimepanga foleni ya unga kambini na wewe mgongoni. Hii si njaa." Mama huyo huyo, EBT ikikauka tarehe ishirini na kitu, anakula ugali na maharage yaliyopashwa, mchana na usiku, na anasema ameshiba.

Kwa hiyo swali: hii kitu inashusha sukari kweli, au tunahangaika na kadi bure? Na mnanunua nini nayo?

---

Mwisho wa Reli (Kigoma)

Pole dada, mwamkie mama, shikamoo yake. Huku daktari naye anasema kula mboga, ila hela ya mboga unaitafuta mwenyewe, hahaha. Hebu niulize jambo moja: ugali anakula kiasi gani? Maana baba yangu mdogo alikuwa anakula mchicha kila siku na sukari haishuki. Tulipochungulia sahani, mchicha ni kijiko kimoja kando ya mlima wa ugali wa muhogo.

---

Mkalimani Mstaafu (Louisville, Kentucky)

Binti, nimekalimani kliniki miaka mingi, nitakujibu kwa urefu maana maswali yako ndiyo yale yale ya kila familia yetu.

Nianze na EBT maana hofu hiyo inawanyima watu haki. Mipango mingi ya aina hii inaendeshwa kwa fedha za shirikisho zinazoitwa GusNIP, zilizowekwa na sheria ya kilimo ya 2018. Jina limetokana na Gus Schumacher, aliyewahi kuwa naibu waziri katika wizara ya kilimo. Mwaka 2007 yeye na mpishi Michel Nischan walianzisha shirika la Wholesome Wave, na hao ni miongoni mwa waliosukuma wazo hili la mboga kwa cheti. Sheria inasema msaada huo si kipato, kwa hiyo haupunguzi EBT. Muulize tu aliyewasajili: "Hela hii ni ya GusNIP?" Akisema ndiyo, lala usingizi. Kama ni ya hospitali au ya wafadhili binafsi, omba maelezo kwa maandishi.

Hiyo green card uliyoitaja kama jambo la pembeni ni kubwa. Sheria ya Julai 2025 imewatoa kwenye SNAP, mpango wenyewe unaotia hela kwenye EBT, wakimbizi ambao bado hawajapata green card. Nyie mmesalimika. Wapo waliofika mwaka juzi ambao hawana hata hiyo EBT ya kukauka.

Kuhusu kushusha sukari, nitakupa pande mbili. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliounganisha mipango tisa kwenye majimbo 12, washiriki karibu 4,000, wengi wakipata kama dola 63 kwa mwezi. Watu wazima waliongeza karibu kikombe kizima cha mboga na matunda kwa siku. Wenye presha, ile namba ya juu ilishuka kama 8. Wenye kisukari, HbA1c, kile kipimo cha miezi mitatu, ilishuka kati ya 0.29 na 0.58. Na walioripoti kukosa uhakika wa chakula walipungua kama theluthi. Ila hawakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu aliyepimwa sukari ikiwa juu sana mara nyingi hushuka kidogo hata bila mboga, kwa sababu ameshtuka na dawa anameza.

Mwaka huo huo, Desemba, ukatoka utafiti mwingine wenye makundi mawili yaliyopangwa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa chakula cha milo kumi kwa wiki kwa ajili ya familia nzima, pamoja na mtaalamu wa lishe. Baada ya miezi sita HbA1c yao ilishuka 1.5. Kundi ambalo halijapewa kitu: 1.3. Tofauti hiyo ni ndogo, inaweza kuwa ya bahati tu. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba kadi ni dawa, mpunguzie. Lakini mimi sioni sababu ya kuidharau. Mama anayekula mboga tarehe 25 badala ya maharage yaliyopashwa amepata chakula, hata kama damu yake haijasema kitu.

Na yale maswali mawili, wazee wetu karibu wote wanajibu kama mama. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno, nami niliumia kinywa nikikitafsiri kile "haijawahi" huku namwona binti wa mgonjwa anatazama sakafu. Fomu inatosheka na "wakati mwingine" kwenye swali moja tu. Mwambieni mzee mapema, nyumbani, kwamba hawaulizi kama amekufa njaa. Wanauliza kama aliwahi kupata wasiwasi.

Mwisho: kama mama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha majani ya kijani bila kumwambia daktari. Sombe na mchicha vina vitamini K nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza.

---

Jembe Halimtupi Mkulima (Des Moines)

Jirani, umekaa Des Moines unanusa kale! Kuna wakimbizi wanalima hapa hapa. Lutheran Services in Iowa walikuwa na mradi wa Global Greens, wakawapa viwanja Warundi, Wakongo, Wabhutani. Kiangazi utapata lengalenga, matembele, intore (nyanya chungu) zile zenyewe, na bamia changa zinazokatika kwa kidole. Muulize muuzaji kama anapokea kadi yako. Asipopokea, nenda na EBT kwenye soko la wakulima lenye Double Up Food Bucks, wanakuongezea dola kwa dola kwenye mboga na matunda, hadi kikomo cha siku. Nje ya msimu, maduka ya Waasia yana matembele freshi, ila wanayaita majani ya viazi vitamu na yamefungwa vifurushi virefu. Piga picha ya kifurushi umpelekee mratibu wa mpango, waombe duka hilo waliingize. Sisi tulidai hivyo, wakaliingiza.

---

Binti wa Nyarugusu

Asanteni jamani. Nimempigia mratibu leo: ndiyo, ni ya GusNIP. Nimemsomea mama, akasema basi watu wa kanisani wakome.

Mwisho wa Reli, umenikamata. Ugali ni wa kujaza sahani, na akikosa fufu anasema hajala. Nikipunguza anaona namnyima.

Jembe, matembele nimeyaona kwa Waasia, kweli, vifurushi virefu. Mama alikikamata kimoja hakukiachia mpaka kwa keshia. Kadi haikupita, tukalipa mfukoni. Picha nimetuma.

---

Mkalimani Mstaafu

Usipunguze ugali mbele yake. Mpikie matembele mengi, na karanga kidogo kama anapenda, umpakulie mboga kwanza, ugali uje nyuma. Na mwachie aseme mwenyewe ameshiba. Kipimo cha HbA1c kikirudiwa, tuletee namba.