Msaada wa haraka: mashine ya mjomba inagoma, na anarudi Ijumaa

MpwaWaNgamiani:
Wakuu, habari za saa hizi. Usingizi umenipotea tangu Jumapili. Mjomba ana duka la vipuri hapa Tanga na daftari la madeni lote limo kwenye kompyuta yake ya zamani, 486, RAM MB 8. Naifungua programu kutoka Windows 3.1 kama siku zote, sasa inaandika "DOS/16M error: [17]" na kunirudisha kwenye C:\>. Mjomba yuko Muheza msibani. Akirudi Ijumaa, hata chai hajanywa, atauliza nani kalipa. Mimi sijagusa kitu. Swali langu ni moja tu: nikiagiza RAM ya zamani Kariakoo itakaa, au ninunue mashine mpya? Msinitukane.

Kijiwe_Nongwa:
486? Ipeleke makumbusho, uombe na ajira ya kuwaelezea watalii.

FundiKoleo:
RAM haina kosa. Namba 17 maana yake kuna kitu kimeshaiweka CPU kwenye V86, hali ya CPU kujifanya 8086 ya kale, kabla programu yako haijaamka, na programu ikikiuliza kwa VCPI au DPMI, taratibu mbili za kuombana kumbukumbu, haipati jibu. Andika TYPE C:\CONFIG.SYS, faili linalosomwa mashine ikiwaka, utuletee kilichotoka. Halafu useme, Jumapili kulitokea nini?

MamaWawili:
Mimi la kompyuta silijui. Ila mtu kaenda kuzika, kakuachia duka, wewe Jumapili duka limefungwa unawasha mashine yake kutafuta nini? Vijana mna tatizo na vitu visivyo vyenu.

MzeeWaFlopi:
Umenirudisha mbali. Ofisini kwetu zamani bosi alileta Lotus 1-2-3, programu ya majedwali, toleo la 3, lile la 1989. Ndani yake ilikuwamo hiyohiyo DOS/16M ya Rational Systems, ekstenda, yaani kivusho cha kuipeleka programu ya DOS kwenye kumbukumbu ya juu. Kabla ya hapo jedwali likinenepa kidogo tu, KB 640 zimejaa, unaambiwa kumbukumbu imekwisha. Toleo la 3 likaja linavuka mpaka, linakwenda kula kumbukumbu ya juu ya MB 1. Sote tulitaka kulitumia na mashine yenye nguvu hiyo ilikuwa moja, 286. Foleni mpaka koridoni. Mama watoto wangu nilimpata kwenye foleni ile. Najua sijajibu swali.

MpwaWaNgamiani:
@FundiKoleo hii hapa, nimeinakili kwa mkono:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
BUFFERS=15,0
FILES=40
DOS=UMB
DOS=HIGH
DEVICEHIGH /L:1,12048 =C:\DOS\SETVER.EXE

Jumapili hakukutokea kitu. Umeme ulikatika kidogo. Nadhani ni umeme.

FundiKoleo:
Umeme hauandiki NOEMS. Na hiyo /L:1,12048 hakuna binadamu anayeiandika kwa kidole. Hiyo ni kazi ya MEMMAKER, programu ya DOS ya kupanga kumbukumbu. Nani kaiendesha?

SioMtotoWaJana:
Subirini. Hii ni chai, tena ina tangawizi. Moja, huyu anasema anafungua programu kutoka Windows 3.1. Windows hiyo kwenye 486 yenye MB 8 hukaa hali ya 386, na ikiwa hivyo yenyewe ndiyo inayotoa DPMI. Ekstenda ikiamkia humo haiwezi kulalamika kwamba haijapata DPMI. Mbili, anasema programu inamrudisha C:\> huku akiwa Windows. Tatu, mjomba, msiba, Ijumaa... Hiyo ni tamthilia. Kosa kalitoa mtandaoni aone wazee wa DOS wakigombana.

Kijiwe_Nongwa:
Naweka kiti. Nani analeta kashata?

Kisiwani_001:
Ndugu yangu, huku Mombasa mashine za namna hiyo zipo bado, haswa kwa wazee wenye maduka. Kumwita mtu mwongo si vizuri. Ingawa hilo la Windows nami limenitatiza.

MpwaWaNgamiani:
Mimi si mwongo. Nilisema Windows kwa sababu ikiwaka inaleta menyu ya buluu, unabonyeza 1 daftari, 2 kuchapa, 3 kuzima. Nilidhani hiyo ndiyo Windows 3.1. Haya, picha hiyo hapo ya kioo, nimeandika DIR kama mlivyozoea kuniamrisha. Sasa mseme nimeichora.

MzeeWaFlopi:
Menyu hiyo ni faili la BAT tu, orodha ya amri za DOS, mwanangu. Kioo kimefunikwa kanga upande mmoja, printa ya utepe iko pembeni. Nimeona hata vumbi lake ni la kweli.

Kisiwani_001:
Hebu kuzeni picha. Mstari wa nne kutoka chini: MICHEZO <DIR>, Jumapili, saa nne na dakika kumi na mbili usiku. Mjomba wako ana michezo?

MamaWawili:
Nilisema mimi.

MpwaWaNgamiani:
Sawa. Sikusema kwa sababu najua mngeacha kunisaidia mkaanza kunisema, na ndicho mnachofanya. Rafiki yangu alinipa flopi za Doom na mchezo mmoja wa ndege. Doom ilifunguka bila shida. Wa ndege ukasema unataka KB 590 za kumbukumbu ya kawaida. Nikasoma mahali kwamba MEMMAKER inatengeneza nafasi. Iliuliza kama kuna programu inayohitaji "expanded memory". Sijui hiyo ni nini, nikajibu hapana. Ndege ikaruka vizuri. Jumatatu asubuhi daftari likagoma. Lakini Doom mpaka leo inafunguka, ndiyo maana nikaona tatizo ni daftari, si mimi.

FundiKoleo:
Hapo sasa tunaongea. Na hiyo ya Doom ndiyo inayokusuta.

EMM386 ni mlinzi wa geti. Anakaa tangu mashine inawaka, anaigeuza CPU iwe kwenye V86 ili akupe zile nafasi kati ya KB 640 na MB 1. Ekstenda yoyote inayotaka kupita kwenda kumbukumbu ya juu inabidi imwombe yeye, na lugha ya kuombana ni VCPI. Ulipojibu hapana, MEMMAKER iliandika NOEMS, na NOEMS inalishusha bango lenye jina EMMXXXX0. Ekstenda za miaka ya Doom, ile DOS/4GW, kwa kawaida hupiga hodi hata bango lisipokuwapo. Hizi za kale nyingi hutafuta bango kwanza. Zisipoliona zinahesabu kwamba mlinzi haelewi lugha, zinageuka na namba 17.

Tiba: MEMMAKER /UNDO. Inarudisha CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT za kabla ya Jumapili, ilizihifadhi kama CONFIG.UMB na AUTOEXEC.UMB. Ukitaka kujaribu bila kubadili kitu, washa, ukiona "Starting MS-DOS..." bonyeza F8, na ikifika EMM386 mjibu N.

MzeeWaFlopi:
Au aondoe neno NOEMS, aweke neno RAM mahali pake. Au FRAME=NONE, bango linabaki na zile KB 64 za dirisha la EMS, hiyo "expanded memory", hazipotei. Sisi tulikuwa na QEMM, mlinzi wa kampuni nyingine, hayo yote hatukuyajua.

MpwaWaNgamiani:
Asanteni, ila tatizo jingine. Nimeshatoa laki mbili za utangulizi kwa fundi mmoja hapa mjini. Ananiletea kompyuta ndogo ya Windows 10, bit 64, na hii ya zamani kesho anaichukua, anafomati diski, anaiuza vipuri. Kwa hiyo ya nini kuhangaika na CONFIG.SYS? Mjomba lazima aende na wakati.

FundiKoleo:
Kesho?? Madeni umeyanakili wapi?

MpwaWaNgamiani:
Fundi amesema atayahamisha.

Kisiwani_001:
Subhanallah.

SioMtotoWaJana:
Chai au si chai, hapa nasaidia. Windows ya bit 64 haifungui programu ya DOS hata ya bit 16 ya kawaida, ekstenda ndiyo kabisa. Itabidi utumie DOSBox, programu inayoiga mashine ya DOS, nayo ile ya kawaida haichapi kwenye printa. Tafuta DOSBox-X. Lakini kwanza ziko wapi .DBF, faili zenye madeni yenyewe? Hiyo inanukia Clipper, lugha ya zamani ya kutengenezea programu kama hizo. Nakili *.DBF kwenye flopi mbili tofauti leo usiku, kabla hata ya UNDO. Na huyo fundi mpigie simu asije.

MpwaWaNgamiani:
Na laki mbili yangu?

MamaWawili:
Ada ya shule hiyo.

Kijiwe_Nongwa:
Laki mbili kwa mchezo wa ndege. Ungepanda basi ukaenda Dar kutazama za kweli uwanjani na chenji ikabaki.

MpwaWaNgamiani:
Wakuu, Alhamisi saa tano usiku. Flopi ya kwanza ilikuwa mbovu, ya pili na ya tatu zimekubali. Nikaandika MEMMAKER /UNDO, ikauliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo, ikawasha upya. Nikabonyeza 1. Limefunguka! Nimepitia majina yote, kuanzia mwaka 1994. Mstari wa mia na kitu nimekuta jina langu mwenyewe: betri moja ya pikipiki, 2009, salio 45,000. Sikujua kama aliandika.

SioMtotoWaJana:
Basi nafuta kauli. Mtu hajitungii deni.

Kisiwani_001:
Alhamdulillah. Na lile folda la MICHEZO?

MpwaWaNgamiani:
Ndege imegoma kuruka tena, KB hazitoshi. Doom nimebakiza hatua mbili, halafu nafuta.