Mtoto wa wiki tatu ana ulimi uliofungwa: akatwe sasa au tusubiri?

Mama Kifungua Mimba (Mwanza) anauliza:

Habari zenu ndugu, na shikamooni mlionizidi umri. Naomba ushauri wa waliopitia jambo hili au wanaolifahamu kitaalamu.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana wiki tatu. Alizaliwa na kilo 3.2, na juzi mizani ya kliniki ilionyesha kilo 3.25. Muuguzi aliyempima alimfungua kinywa akanionyesha utando mwembamba chini ya ulimi, ulioshika karibu kabisa na ncha, kiasi kwamba akilia ulimi haunyanyuki na ncha yake inaingia ndani katikati. Alisema huo ni ulimi uliofungwa na kwamba ungefaa kukatwa mapema. Daktari aliyetuona baadaye alisema watoto wengi huzaliwa hivyo na kwamba nisiwe na wasiwasi.

Wasiwasi ninao, kwa sababu chuchu zangu zimepasuka na ya kushoto inatoa damu. Mtoto hunyonya kwa muda mrefu sana, akiachia titi mara kwa mara kwa mlio unaosikika, kisha husinzia, na baada ya muda mfupi huamka akilia kwa njaa. Mama mkwe wangu, ambaye amenisaidia sana tangu nijifungue, anaamini kwamba tatizo ni kilimi na anamfahamu mzee anayekikata. Mume wangu kwa upande wake anahofia kwamba tusipoukata utando huo mtoto atapata kigugumizi.

Je, tunapaswa kuamua kwa kuangalia nini? Na je, kusubiri kunaweza kumdhuru mtoto?

Mama Mapacha (Nakuru) anajibu:

Pole sana dada, maumivu hayo ninayajua. Wanangu wawili walizaliwa pamoja na wote walikuwa na utando wa namna hiyo, na ukiwatazama vinywani usingeweza kusema wa nani umekaza zaidi. Kulwa alinyonya vizuri tangu siku za kwanza, akaongezeka uzito bila tabu, na mimi sikusikia maumivu yoyote akiwa titini. Huyo hatukumkata, na leo anazungumza na kuimba kama watoto wenzake. Doto alinitesa. Tulisaidiwa jinsi ya kumweka titini, tukajaribu mikao mbalimbali, na bado alikuwa akiibana chuchu kwa ufizi hadi inatoka ikiwa imebonyea upande mmoja. Alikatwa hospitalini, akanyonya palepale, na maumivu yangu yakapungua siku ileile ingawa hayakuisha mara moja.

Ninakueleza haya ili ujue kwamba umbo la ulimi peke yake halikutupa jibu. Jibu lilipatikana kwa kuangalia jinsi kila mmoja alivyonyonya.

Mkunga wa Zamani (Tanga) anajibu:

Mwanangu, marahaba, na hongera kwa kujifungua salama. Nimefanya kazi katika wodi za wazazi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo uniruhusu nieleze kwa kirefu kidogo.

Nianze na uzito, kwa sababu ndio utakaotuambia tuna muda kiasi gani. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, na kwa kawaida huwa ameurudia uzito wake wa kuzaliwa anapofikisha wiki mbili. Baada ya hapo tunatarajia aongezeke takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mwanao ameurudia na kuuvuka kidogo tu, nami ningependa kuona amefika karibu na kilo 3.4. Hii si hali ya kukimbilia hospitali usiku, lakini si ya kuambiwa usiwe na wasiwasi ukarudi nyumbani. Mpime tena baada ya siku chache, kwa mizani ileile na akiwa bila nguo, na uhakikishe uzito unaandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Hesabu pia nepi zenye mkojo: zisipungue 6 kwa saa 24. Akiwa mlegevu, ukishindwa kumwamsha anyonye, akipata homa, au mkojo ukipungua, usingoje ushauri wa mtandaoni, mpeleke mara moja.

La pili ni mpakato, yaani jinsi mtoto anavyowekwa na kushikishwa titi, na hapa ndipo ninapoona tunawaangusha kina mama wengi. Kabla mkasi haujatajwa, mtu mwenye ujuzi anapaswa kuketi nawe akamtazama mtoto akinyonya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwili wa mtoto uwe umenyooka na umegusana na wako, pua yake ielekee chuchu, na umsubiri mpaka apanue kinywa sana ndipo umlete titini kwa haraka. Usimwinamie ukampelekea titi. Akishashika vizuri utaona kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Kwa mtoto mwenye ulimi uliofungwa, mara nyingi mama akijiegemeza nyuma na mtoto akalala kifudifudi juu ya kifua chake, ulimi hupata nafasi ya kusogea mbele. Nimewaona watoto wengi wa namna hiyo ambao hawakuhitaji kitu kingine zaidi ya hiki.

Wakati huohuo ulinde maziwa yako. Titi lisipotolewa maziwa vizuri huanza kutengeneza machache, na baadaye hata ulimi ukifunguliwa mtoto atakuta kidogo. Kamua kwa mkono baada ya kunyonyesha, umpe alichobakiza kwa kikombe kidogo kilicho safi. Chupa usiitumie. Kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi, chuchu yenye kidonda inayotoa damu ni jambo la kumweleza mhudumu wa kliniki siku hiyohiyo. Ninalisema kwa ajili ya wote wanaosoma hapa.

Sasa kilimi. Ninamheshimu mama mkwe wako, na wazee wetu walifanya walichokijua, ila hapa sitazunguka. Kilimi ni nyama inayoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, wala hakihusiani na utando ulio chini ya ulimi. Kukikata hakutamsaidia mtoto kunyonya. Nimepokea wodini watoto waliokatwa kilimi majumbani wakiwa wamevuja damu nyingi, wengine wakiwa na maambukizi kooni, na chombo kichafu kinaweza kuleta pepopunda. Vivyo hivyo kwa wanaong'oa kile kinachoitwa meno ya plastiki kwenye ufizi wa mtoto: wanachokitoa ni chipukizi za meno yake halisi. Mwambie mama kwa upole kwamba hospitali imeshaona tatizo lilipo na mnalishughulikia, kisha mwombe akusindikize kliniki. Bibi akioneshwa utando huo kwa macho yake na kueleweshwa na mhudumu, mara nyingi yeye ndiye huwa mtetezi wako mkubwa.

Baba wa Ughaibuni (Columbus, Ohio) anajibu:

Ninaongeza neno moja kutoka huku Marekani. Binti yetu alipozaliwa, kliniki moja ya binafsi ilitaka kumkata kwa leza chini ya ulimi, ndani ya mdomo wa juu na mashavuni, yote kwa pamoja na kwa gharama kubwa, ilhali alikuwa ananenepa vizuri. Daktari wake wa watoto alitushauri tusikubali. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto cha hapa, American Academy of Pediatrics, kilitoa taarifa ya kitaalamu ikisema kwamba upasuaji huu unafanywa kupita kiasi, na kwamba ushahidi wa kukata utando wa mdomo na mashavu kwa ajili ya kunyonya haupo. Dada, ukisoma kwenye intaneti kwamba kila mtoto asumbuaye usiku ana ulimi uliofungwa, ujue kwamba baadhi ya maneno hayo yanatoka kwa watu wanaouza huduma hiyo.

Mama Kifungua Mimba anajibu:

Nawashukuru mno. Mama mkunga, nilifanya ulivyoelekeza. Muuguzi wa wodi ya wazazi aliketi nami kwa muda mrefu, na mama mkwe alikuwapo. Upande wa kulia umekuwa bora sana. Upande wa kushoto mtoto bado anateleza, chuchu inatoka imebonyea kama alivyoeleza dada wa Nakuru, na kidonda hakijapona. Uzito umeongezeka, lakini ninaona unatokana zaidi na maziwa ninayokamua na kumpa kwa kikombe, kazi ambayo sijui nitaiendeleza hadi lini. Kama kuna daktari hapa, naomba atuambie kama kukata ni salama, na kama kweli kunahusu usemi.

Daktari wa Kinywa (Dar es Salaam) anajibu:

Ndugu mzazi, nimesoma mazungumzo yote na ninakubaliana na mkunga karibu katika kila jambo.

Utando huo kila binadamu anao. Mwaka 2019 Nikki Mills wa New Zealand na wenzake walichunguza maumbile yake kwa makini wakaonyesha kwamba si uzi uliofunga ulimi, bali ni mkunjo wa tishu za sakafu ya kinywa unaojitokeza ulimi unaponyanyuka. Ndiyo maana hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto, na ndiyo maana tafiti nyingi zinazotaja watoto 4 hadi 11 kati ya 100 hazilingani: kila mtafiti ana kipimo chake. Wengi wa watoto hao hawana shida yoyote. Tunapomkagua mtoto hatuishii kuangalia utando unaposhika. Tunatazama pia kama anaweza kuunyanyua ulimi hadi katikati ya kinywa akilia, na kama anaweza kuutoa kupita ufizi wa chini.

Kuhusu faida, nitakuambia ushahidi ulivyo bila kuupamba. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walijumuisha majaribio 5 yenye watoto 302, wakaona kwamba kukata kulipunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi. Kwamba mtoto mwenyewe alinyonya vizuri zaidi, majaribio hayo hayakukubaliana. Jaribio lililofanyika Uingereza baadaye, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, lilisitishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, likiwa na watoto 169. Halikuonyesha tofauti ya wazi katika kuendelea kunyonya walipofikisha miezi 3, lakini wengi waliopangiwa kusubiri walikatwa baadaye, kwa hiyo haliwezi kutumika kusema kwamba kukata hakufai. Mimi ninalisoma hivi: mwenye sababu ya wazi ya kukatwa ni mtoto ambaye mama yake bado ana maumivu baada ya kusaidiwa mpakato ipasavyo, na ambaye ulimi wake kweli haunyanyuki. Kwa maelezo yako, mwanao anaelekea kuwa katika kundi hilo, ingawa lazima aonwe ana kwa ana.

Kwa mtoto wa umri huu kazi yenyewe huchukua sekunde chache. Mtoto hufungwa kwenye shuka, msaidizi hushika kichwa, daktari hunyanyua ulimi na kukata sehemu nyembamba isiyo na mishipa mingi kwa mkasi safi wenye ncha butu. Hutoka matone machache ya damu, na mtoto hurudishwa kwa mama anyonye mara moja, jambo ambalo humtuliza na pia hugandamiza kidonda. Hatari kubwa, yaani kutokwa damu sana, maambukizi au kuumia kwa njia za mate, hutokea mara chache mno kwa mtu aliyefunzwa. Kabla ya siku hiyo mweleze daktari kama kuna mtu katika familia anayevuja damu kwa urahisi, na muulize kama mtoto alipewa vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda, alipozaliwa. Leza si lazima, wala sijaona ushahidi kwamba inaushinda mkasi. Huduma hii iombe kwenye idara ya kinywa na meno au ya pua, koo na masikio. Kwa aliye Mwanza, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yenu.

Mume wako nimtoe hofu: kigugumizi hakisababishwi na ulimi uliofungwa. Baadhi ya watoto hupata ugumu katika sauti zinazohitaji ncha ya ulimi, kama vile l, r, t na th, lakini wengi hujifunza kuzitamka bila upasuaji, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kukata utotoni huzuia tatizo hilo. Usimkate mtoto kwa ajili ya usemi ambao haujaanza. Akifika miaka 3 au 4 akiwa haeleweki, atachunguzwa wakati huo.

Ningekuwa mimi ninayekuona, ningekupa siku chache zaidi za mpakato upande wa kushoto, na kidonda kisipoanza kufunga ningekushauri tukate. Ukiamua kungoja huku unamkamulia na uzito unapanda, mtoto hatadhurika. Anayechoka ni wewe, na uchovu wako ni sababu halali ya kuzingatiwa.

Mama Kifungua Mimba anajibu:

Asante sana daktari. Tumezungumza nyumbani na tumekubaliana: nitaendelea hadi kliniki ya wiki ijayo, na hali ikiwa hii tutaomba rufaa ya kwenda Bugando. Mama mkwe amesema atakwenda nasi. Mkunga, tafadhali niambie nijiandae vipi, na baada ya kukatwa nimtunzeje?

Mkunga wa Zamani anajibu:

Mwanangu, siku hiyo usimshibishe kabla ya kuingia, ili atoke akiwa na hamu ya kunyonya. Muanzishie titi la kulia ambalo analishika vizuri, kisha umhamishie la kushoto. Kesho yake utaona alama nyeupe au ya manjano chini ya ulimi; huko ni kupona wala si usaha, na itaondoka ndani ya wiki moja au mbili. Usiisugue, usipake dawa yoyote ya kienyeji wala asali, na mtu akikuambia uuvute ulimi wake kila siku ili usishikane tena, usikubali, kwa kuwa faida yake haijathibitika na mtoto anaweza kuanza kukataa kuguswa kinywa. Damu ikiendelea kutoka baada ya kunyonya, bonyeza kwa kitambaa safi na urudi hospitalini hapohapo. Endelea kukamua kwa muda baada ya hapo, kwa maana amezoea kunyonya kwa ufizi na anahitaji kujifunza upya kutumia ulimi. Upunguze kikombe taratibu kadiri mizani inavyoonyesha kwamba titi lenyewe linamtosha.