"He is believed to have fled": tuendelee kuandika hivi?

Mhariri: Kauli hii ya kutendwa ifutwe kwenye habari za Kiingereza. Nani anaamini kwamba katoroka? Polisi? Jirani? Au ripota mwenyewe? Anayetuhumiwa hana hata wa kumjibu. Na walimu wa sarufi ndio wanaofunza watu kujificha hivi.

Mwalimu wa Lugha: Hapo kwa walimu umenigusa. Nafundisha kwamba "is said to be" ni ya hali iliyopo, na "is said to have been" ni ya iliyokwisha pita. Mwanafunzi akizichanganya, anamfufua marehemu. Huko ndiko kufunza kujificha?

Kalamu Kavu: Punguza hasira, mwalimu. George Orwell mwenyewe, yule mwandishi Mwingereza, alishakataza kauli ya kutendwa kwenye insha yake "Politics and the English Language", 1946 kama sikosei. Alisema kamwe!

Mpenda Vitabu: Mwaka ni huohuo, ila alisema kamwe pale unapoweza kutumia kauli ya kutenda. Tena sentensi ya kwanza kabisa ya insha ile ina "it is generally assumed". Hao wanaodhani hivyo ni akina nani? Hakuwataja.

Kalamu Kavu: Kwa hiyo wewe unamzidi Orwell?

Mpenda Vitabu: Soma nilichoandika, ndugu yangu. Usinilishe maneno.

Ripota: Muacheni Orwell apumzike. Mtu hajahukumiwa, ukiandika "He stole the money" umeshamtia hatiani. "He is alleged to have stolen it" inaacha nafasi ya mahakama kuamua.

Mhariri: Na jina lake limeshachafuka. Andika "The prosecutor says he stole it". Hujamhukumu, na tunajua nani kasema.

Ripota: Aliyenipa habari akiomba asitajwe, nimwanike?

Mhariri: Jina lake lifiche, lakini sema ni nani kwenye tukio: shahidi, ofisa, jamaa wa mtuhumiwa. Msomaji apate cha kupimia.

Mwalimu wa Lugha: Bado nasubiri ufute kauli yako. Na "rumour" je? Kiingereza cha leo hakina "they rumour that he left". Kuna "he is rumoured to have left", basi. Nisiifundishe?

Mhariri: Kama ni uvumi, unachapwa wa nini?

Mwalimu wa Lugha: Sijauliza habari ya kuchapa. Nimeuliza kuhusu walimu.