Tume ya fidia Zanzibar: tuanzie 2001 au turudi hadi 1964?

Mwana wa Kengeja:
Naleta hoja, na naomba tusitukanane. Kila baada ya uchaguzi mchafu tunasikia maridhiano, wakubwa wanapeana mikono, picha zinapigwa, basi. Aliyevunjiwa duka harudishiwi hata kufuli. Nataka Baraza la Wawakilishi litunge sheria ya tume yenye kazi moja: kupokea madai ya waliopoteza mali, viungo au jamaa katika vurugu za kisiasa, na kuyalipa.

Tume ya kuchunguza tulishakuwa nayo. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF waliokuwa wakidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001 ukazaa tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ikahesabu waliokufa 31. Human Rights Watch wakasema hawapungui 35. Ikiwa hesabu ya maiti imepishana, mbuzi, mashua na mabati nani kayahesabu?

Ila tusiunde tume kwa pupa. Wamarekani waliunda yao mwaka 1871, miaka sita baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Makamishna watatu walisikiliza madai ya watu wa Kusini ambao jeshi la serikali lilichukua farasi, nyumbu na mahindi yao. Yalifikishwa madai 22,298, jumla yake dola milioni 60 na ushei. Hadi tume inamaliza kazi mwaka 1880, kilicholipwa hakikufika dola milioni 5. Mdai alitakiwa kwanza athibitishe kwamba vita vyote, mwanzo hadi mwisho, alikuwa mtiifu kwa serikali. Orodha ya maswali ilifika 80: ulipiga kura upande gani, una ndugu aliyepigana upande wa pili, na kadhalika. Tena alicholipwa ni kile tu kilichochukuliwa kwa matumizi ya jeshi. Askari akipora kwa tamaa yake, au akichoma, shauri lako.

Hapa kwetu swali la "ulikuwa upande gani" halitaandikwa kwenye fomu. Litakuja kwa jina la barua ya sheha, kiongozi wa mtaa anayeteuliwa na serikali. Nyote mnajua nasema nini.

Mrithi wa Mkunazini:
Mbona unaanzia 2001? Kwetu sisi kuna nyumba Mji Mkongwe iliyotaifishwa baada ya Mapinduzi, hati za marehemu babu tunazo mpaka leo, zina mihuri. Serikali ikaipangisha, baadaye ikabadilisha mikono sijui mara ngapi. Tume isiyogusa 1964 ni ya upande mmoja.

Eka Tatu:
Ndugu yangu, nakuheshimu, ila hapo unachokoza nyuki. Babu yangu alikuwa kibarua katika shamba ambalo leo ni letu. Alipewa eka tatu katika mgao ule ulioanza 1965, zikiwa na mikarafuu ya bwana. Mingi imekufa kwa uzee, tuliyonayo tumepanda sisi. Sasa tume itamlipa nani? Mwenye hati, au mjukuu wa aliyepalilia na kuchuma miaka yote bila ya kumiliki hata mti mmoja? Ukifungua 1964 na mimi naleta madai ya babu, na ya baba yake aliyekuwa mtumwa. Wako watu visiwani wanangoja sababu ya kusema "si tuliwaambia wanataka kurudisha usultani". Wataizika tume yako siku hiyohiyo.

Mrithi wa Mkunazini:
Kwa hiyo haki inategemea nani ataudhika? Na mali za wakfu je? Kuna nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu kwa misikiti na maskini, nayo yalipotelea humohumo. Wakfu hauna chama.

Mzee wa Forodhani:
Vijana, maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009 yalitosha. Tulikwenda kwenye kura ya maoni Julai 2010, theluthi mbili tukasema ndiyo, serikali ya umoja ikaja. Mkianza kugawa pesa kila mtu atakuwa mhanga. Kuku mmoja aliyekufa kwa kideri atageuka ng'ombe watatu wa maziwa. Wakenya walipata ripoti yao ya ukweli na haki mwaka 2013, mwaka 2015 rais wao akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10, na wahanga wakaendelea kusubiri. Tume inalisha makamishna kwanza.

Binti Jadida:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, yaliyokutosha wewe hayakunitosha mimi. Januari ile ya 2001 mama alikuwa na kiduka Wete, Pemba. Charahani mbili, majora ya kitambaa, kanga za jumla, biskuti za watoto wa skuli. Walioingia walikuwa na sare. Sare ya nani, mama hakusimama kuangalia, alitoka kwa mlango wa uani na mdogo wangu mgongoni. Tuliporudi ilibaki charahani moja, haina gurudumu. Daftari la mkopo nalo limekwenda, na wenye kudaiwa kanga wakajifanya hawakukopa! Mali bila daftari, mnajua wenyewe. Sasa huyo mama ataleta risiti gani mbele ya tume?

Wakili wa Barazani:
Dada ametaja jambo ambalo mwanzisha mada amelipita. Polisi ni jambo la Muungano. KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (jeshi la kujenga uchumi) na Valantia ni vikosi vya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sheria itakayopita Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, haiwezi kuilazimisha Serikali ya Muungano itoe hata senti kwa kosa la polisi. Basi mdai atafika dirishani, ataulizwa: aliyekuvunjia alikuwa polisi au kikosi? Hajui. Akisema polisi, ataambiwa nenda Dodoma. Akisema kikosi, atatakiwa ushahidi. Atazungushwa mpaka achoke. Bila sheria mbili zinazofanana, moja ya huku na moja ya Bunge, na mfuko mmoja ambao serikali hizo zitagawana mzigo wake zenyewe kwa zenyewe, msijisumbue.

Mwana wa Kengeja:
Wakili umenifunga bao, hilo naliingiza. Mdai asiulizwe rangi ya sare. Athibitishe madhara tu, nani alipe wakajadiliane wao.

Kuhusu risiti: baada ya Iraq kuivamia Kuwait mwaka 1990, Umoja wa Mataifa uliunda tume ya fidia mjini Geneva. Ilipokea madai zaidi ya milioni mbili na nusu. Ingedai risiti kwa kila mtu ingekuwepo mpaka kiama. Ikaweka viwango maalumu: mtu aliyekimbia alipata dola 2,500, au 4,000 akikubali kutodai zaidi katika mafungu mengine, na alichotakiwa ni kuonyesha kwamba alitoka Iraq au Kuwait kati ya tarehe 2 Agosti 1990 na 2 Machi 1991. Na sisi mwaka 2001 zaidi ya watu 2,000 walivuka kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi chini ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Aliyeandikishwa kule ana ushahidi tosha kwamba alikimbia. Kuku wa Mzee wa Forodhani naye hana nafasi hapo, kwa sababu kiwango ni kimoja, hata useme ulikuwa na ng'ombe mia.

Kuhusu 1964, Mrithi, sikubishii kwamba ulidhulumiwa. Nasema madai ya ardhi yanataka chombo chake, chenye wapima na mahakimu, na kitachukua miaka. Wa 2001 wengine ni wazee sasa. Tukiwafunga kamba moja, wote watazama.

Mrithi wa Mkunazini:
"Chombo chake" ndiyo lugha ya kutuambia tusubiri tena. Sikubali.

Eka Tatu:
Mimi hiyo ya 2001 naiunga mkono, na ni CCM damu. Watu walikufa.

Binti Jadida:
Asante kaka. Kaka wa Kengeja, hayo ya Geneva mazuri, lakini mama hakuvuka kwenda Shimoni. Alijificha kwa dada yake Konde, hakuandikishwa na mtu. Majirani ndio mashahidi wake, na wawili wameshakufa. Kama tume itakaa Wete wenyewe, itasikiliza majirani na kukubali kiapo, tutakwenda. Mswada ukitoka nitakwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha ushahidi. Nikikuta "barua ya utambulisho kutoka kwa sheha", fomu sijazi.