Nyuzi 98, halafu naambiwa "hamia Njombe"

Kasha Wazi
Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Nimetoka pale kwake sasa hivi, hata helmeti ya bodaboda sijaivua. Jina sitaji. Mnamjua. Mtwara nzima inamjua. Yule wa kibanda chenye redio kubwa kuliko kibanda.

Kompyuta nimeiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa hela ya kupiga video za harusi miaka miwili. Prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i5-10400, mpya kwenye boksi. Vitu vimeteremka na basi kutoka Kariakoo na mimi mwenyewe nikiwa ndani, kasha nimelipakata mapajani kuanzia Mbagala. Nangurukuru watu wameshuka kula, mimi nimeshuka nalo mpaka chooni.

Imewaka, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu naitoa video ya harusi iwe faili kamili, dakika nne hazijaisha, feni inalia kama mashine ya kukoboa na HWMonitor, ile programu ya kusoma joto, inasoma nyuzi 98. TISINI NA NANE. Maji ya ugali yanachemka kwa 100 wakuu! Na prosesa ile mwisho wake ndiyo hiyo hiyo 100, ikifika hapo inajipunguzia mwendo isiungue. Video ya dakika 40 ikawa inaniambia itamaliza kesho kutwa. Bibi harusi kanipigia. Mama wa bibi harusi kanipigia. Jana kapiga bwana harusi, na huyo ndiye aliyenitisha, maana aliongea taratibu.

Nikasema basi, niende kwa mtaalamu. Nimefika, shikamoo, hakuitikia. Foleni watu saba, nimekaa saa mbili. Zamu yangu ikafika. Kafungua ubavu wa kasha. Hakuiwasha. Hakuuliza swali. Bisibisi haikutoka hata mfukoni. Kaweka kiganja juu ya feni, kafumba macho kama anapiga ramli, kafumbua, kaniangalia mimi, siyo kompyuta, MIMI, akasema kwa sauti ya kufika Mikindani: "Nnjomba, hili ni joto la Mtwara. Kama hulitaki, hamia Njombe."

Hamia Njombe.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna dada alikuwa anapigwa picha za pasipoti, kacheka mpaka picha ikaharibika, ikabidi arudiwe. Kuna mtoto katumwa vocha, naye kacheka. Yule mtoto Njombe anaijulia wapi?

Halafu elfu thelathini na tano, "ya uchunguzi". Uchunguzi wa kiganja! Nimelipa wakuu. Nimelipa ili niondoke.

Siyo hela inayoniuma. Mimi nimezaliwa Ligula, bibi yangu Mmakonde wa Newala, leo nahamishwa mkoa kwa sababu ya feni? Nimepanda boda, dereva kaniuliza "wapi kaka?", masikio yangu yakasikia Njombe.

Mabibo Makavu
Uzi mmoja, nyuzi 98. Nimekaa pale, nani ana karanga?

Mlinzi wa Zamu
Uzi bila picha ni uchawi. Weka picha.

Nahodha wa Msimbati
Huyo hata usinielekeze. Mimi simu iliingia maji ya chumvi, nikampelekea mbio. Kainusa, kaniambia "bahari imeshaipenda, iachie". Elfu kumi.

Mama Watatu
Pole mwanangu. Ila saa mbili kwenye foleni, na ulishajua ni kwa yule, ulikuwa unasubiri nini?

Kasha Wazi
Mama Watatu, shikamoo. Nilikuwa na shida, mama. Mwenye shida hachagui foleni. Na angesema taratibu ningeelewa. Angeninong'oneza. Lakini ile sauti, na yule dada...

Mabibo Makavu
Dada katokea mara ya pili sasa. Mkuu, uzi huu ni wa kompyuta au umekuja kutafuta namba?

Baridi ya Makambako
Wakuu nipo mkoa wa Njombe, Makambako. Mwezi wa saba huku tunalala na masweta mawili. Prosesa yangu ilifika 94 mwezi huo huo wa saba. Pesti, ule uji wa kupitisha joto unaopakwa juu ya prosesa, ilikuwa imekauka, inabanduka kama ukoko wa wali. Mleta uzi usije, huku hakuna dawa, kuna viazi.

Mabibo Makavu
Kumbe hata Njombe kuna Mtwara.

Punje ya Mbaazi
Tuache utani kidogo. Yule fundi kakosea hesabu. Tuseme chumba chako kina nyuzi 31, cha mwenzetu wa Makambako 16. Tofauti ni 15. Prosesa inaibeba hiyo tofauti karibu yote, basi, haiizidishi. Yaani ukihamia Njombe utatoka 98 uje 83, bado mgonjwa, na nauli umeshalipa.

Prosesa yako ni ya wati 65, na feni inayokuja nayo kwenye boksi inaiweza, hata huku kwetu. Kwa hiyo joto linalozalishwa siyo la kutisha, ila limekosa njia ya kutoka. Nijibu: ukiwasha tu ukaingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio kabla mfumo haujafunguka, bila kufanya kazi yoyote, inasoma ngapi? Feni umeichomeka palipoandikwa CPU_FAN? Pesti uliweka kiasi gani? Punje moja ya mbaazi pale katikati inatosha, hitisinki (kile chuma cha kunyonya joto chini ya feni) ikikandamizwa inaitandaza yenyewe. Na hiyo picha kweli iweke.

Kasha Wazi
Mkuu Punje ubarikiwe, wewe angalau umeuliza. BIOS inasoma 79 ikiwa imekaa tu. Feni ipo CPU_FAN. Pesti sikupaka, ilikuja imepakwa chini ya hitisinki, ile mistari mitatu ya kijivu. Yeye hata hayo hakuuliza! Kiganja tu na macho kafumba! Picha hiyo hapo chini, moja ya nje, moja ya ndani.

Tandahimba Mpaka Lini
Wewe wa kiganja shukuru. Mimi wa kwangu, huku Tandahimba, alisema kompyuta ina vumbi inabidi ipulizwe. Nikajua ana kile kibloa kidogo cha umeme. Kaingia ndani, katoka na pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia korosho. Kaivuta kamba, ikawaka MVUUUU. Nikamuuliza kaka, hiyo si ina salfa? Akasema "ilishaisha". Wakuu, ilikuwa haijaisha. Duka zima likawa njano. Mimi njano, yeye njano, paka wa jirani njano. Feni ya prosesa ilizungushwa na ule upepo mpaka ikaanza kupiga kelele ambayo haijaiacha mpaka leo. Na kila nikiwasha chumba kinanuka shamba mwezi wa sita.

Punje ya Mbaazi
Salfa na shaba haziivani, shaba inageuka nyeusi. Fungua usafishe na spiriti kabla hujachelewa. Na wote mnaopuliza, feni ishikilieni kwa kidole isizunguke.

Tandahimba Mpaka Lini
Imeshakuwa nyeusi ndugu yangu. Mwaka jana.

Mabibo Makavu
Ila haitapata ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho.

Mlinzi wa Zamu
Samahani, nimeangalia ile picha ya nje. Kile cheupe juu ya kasha ni nini?

Kasha Wazi
Kipi?

Mlinzi wa Zamu
Kile chenye maua pembeni.

Kasha Wazi
Aaa, kitambaa. Cha mama, anafuma mwenyewe. Nyumbani kila kitu kina kitambaa, redio, friji, TV. Hakihusiani.

Mlinzi wa Zamu
Matundu ya hewa ya kasha lako yapo JUU. Na kasha umelisukumia ndani ya kabati la TV, mgongo umegusa ubao. Hewa ya moto inatokea wapi, kwa maombi?

Mabibo Makavu
Nyuzi 98 zimeshuka zote kwenye kitambaa. Uzi wa kufuma! Nalala chini.

Mama Watatu
Kitambaa hakijawahi kuua redio. Mimi redio yangu ina kitambaa tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa, leo ana watoto wake. Mnawasingizia akina mama.

Nahodha wa Msimbati
Redio haichemki, mama.

Mama Watatu
Sasa kitu kinachochemka mnakiweka sebuleni cha nini? Kipelekeni jikoni.

Punje ya Mbaazi
Kitambaa kiondoke, kabatini kasha litoke, hilo sina ubishi. Lakini kitambaa hakiwezi kufanya BIOS isome 79 ukiwa umewasha sasa hivi. Kuzeni ile picha ya ndani, kona ya chini kushoto. Hitisinki ya Intel inashikwa na miguu minne ya plastiki. Mitatu imezama. Ule wa chini kushoto umesimama, haujaingia kwenye bodi. Hitisinki imeinama, inagusa prosesa upande mmoja.

Mabibo Makavu
Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inachechemea.

Punje ya Mbaazi
Ndiyo ugonjwa wote huo. Zima, chomoa umeme, toa hitisinki. Ile mistari ya kiwandani ukishaibandua haina kazi tena, futa yote kwa spiriti upake pesti mpya. Kabla hujakandamiza, vichwa vya miguu vigeuze kinyume na ule mshale uliochorwa, maana mshale ni wa kufungulia, wengi wanauelewa kichwa chini. Halafu kandamiza kwa mshazari, mmoja na wa kona ya mbali, mpaka kila mmoja ulie "ta". Unataka "ta" nne. Ukichungulia nyuma ya bodi uone ncha nne zimetokeza sawasawa.

Kasha Wazi
Huo mguu kaufungua yeye. Nina uhakika. Mimi nilisikia "ta" zote nne.

Mlinzi wa Zamu
Mkuu, umeandika mwenyewe kwamba bisibisi haikutoka mfukoni. Kiganja tu.

Kasha Wazi
Kiganja chake kizito.

Mlinzi wa Zamu
Na zile 98 ulizipata kabla hujaenda kwake.

Kasha Wazi
Haya, tuseme ni mguu. Tuseme ni mimi. Kwa nini aseme Njombe? Angeniambia "mdogo wangu, mguu mmoja huu haujaingia", ningempa hiyo thelathini na tano na soda juu. Mguu unaonekana mpaka kwenye picha ya simu, yeye kaweka kiganja juu yake! Juu yake hasa! Halafu anafumba macho!

Nahodha wa Msimbati
Pesti kama huna paka dawa ya meno. Binamu yangu kapaka, inapiga kazi.

Punje ya Mbaazi
Inapiga siku chache, maji yake yakikauka unarudi pale pale. Binamu yako muulize wiki ijayo.

Nahodha wa Msimbati
Sasa hivi hapokei simu.

Tandahimba Mpaka Lini
Pesti hiyo ningeshainunua zamani kama hela ya korosho ingekuwa imeingia. Mzigo nimepeleka ghalani, mnada umepita, kila nikienda pale kwenye chama chetu (mnakijua) naambiwa "Jumatano". Hawasemi Jumatano ya lini.

Mlinzi wa Zamu
Hata sisi ni Jumatano. Nilidhani tuna Jumatano yetu.

Tandahimba Mpaka Lini
Na makato sasa! Nimesomewa makato mengine nikadhani ni majina ya watu.

Baridi ya Makambako
Korosho huku zinauzwa kwenye pakiti kama vidonge. Kwani ninyi kwa kilo mnapata ngapi?

Tandahimba Mpaka Lini
Kaka usinitoe machozi mbele ya watu.

Mama Watatu
Bora ninyi mnadai hela. Mimi umeme jana umekatika mara nne nina batiki kwenye sufuria ya jiko la umeme. Gesi imechimbwa Mnazi Bay hapo, bomba limefika Dar es Salaam, mimi napepea mkaa.

Nahodha wa Msimbati
Mama, huku Msimbati ambako gesi yenyewe inatoka, hata huo mkaa unauzwa kwa kujuana.

Kasha Wazi
Wakuu nimerudi. Pesti nimeomba kwa jirani. "Ta" nne zimelia. BIOS inasoma 41. Nimeiweka video ya harusi itoke, dakika ishirini sasa, ipo 68 na haipandi. Kitambaa nimekitoa, mama kakirudisha, nimekitoa tena. Bado najiuliza lakini, nirudi pale kesho nikamwonyeshe ile picha mbele ya foleni yake? Nasubiri ushauri.

Tandahimba Mpaka Lini
Kwani mnada unaofuata ni lini?

Mlinzi wa Zamu
Wanasema Jumatano.

Mama Watatu
Umeme umekatika tena. Naandika kwa chaji ya asilimia sita.

Nahodha wa Msimbati
Wanaokaa mjini, leo nimepandisha pweza wazuri. Kijana wangu anawakaanga Shangani jioni hii, mnyiri mkubwa elfu mbili, pilipili bure.

Mabibo Makavu
Elfu mbili? Wiki iliyopita ilikuwa elfu moja na mia tano.

Nahodha wa Msimbati
Mafuta ya injini yamepanda. Kama hutaki, hamia Njombe.

Baridi ya Makambako
Njombe pweza hakuna.

Mama Watatu
Wa kuchemsha wapo? Meno yangu haya.

Nahodha wa Msimbati
Wapo mama, na supu ipo.

Kasha Wazi
Nahodha, niachie minyiri miwili ya kukaanga. Video ina asilimia themanini, ikimaliza tu natoka.