Pini SITA! Boksi limeandikwa RAHISI KUBORESHA, ndani pini SITA!

MsumariWaMoto (mleta uzi)
Wakuu, naandika na hasira, bisibisi bado iko mezani. Yule muuzaji wa kompyuta zilizoundwa tayari mnamjua, simtaji, humu hakuna asiyemjua na yale mataa yake ya rangi kumi na mbili kama harusi. Boksi lake lina maandishi makubwa kuliko bango la uchaguzi: RAHISI KUBORESHA. Haya. Unalegeza skrubu mbili za nyuma, unavuta bamba la ubavuni, unaangalia pale waya mkubwa wa pawasaplai (kisanduku cha umeme) unapoingia kwenye mazabodi (ubao mkuu). Pini sita.

SITA! ATX, ule mpangilio wa kawaida wa mazabodi na pawasaplai, ipo tangu 1995. Ilianza na pini 20, zikawa 24, mafundi wakazoea, watengenezaji wakazoea, ukinunua pawasaplai yoyote ya kawaida plagi yake kubwa ni ya pini 24. Sasa hiyo 24 unaichomeka wapi kwenye sita?

Pawasaplai yenyewe ni ya wati 300 na haina hata waya mmoja wa kadi ya michoro. Sloti ya PCIe, pale kadi hiyo inapochomekwa, inatoa wati 75, basi. Kadi ya wati 200 inataka plagi ya pini 8, kwa hiyo lazima ubadilishe pawasaplai. Pawasaplai mpya ina pini 24, kwa hiyo ubadilishe mazabodi. Mazabodi mpya haikai kwenye lile kasha maana matundu ya skrubu kayapanga anavyojua yeye, na kitufe cha kuwashia kina plagi ya kwake peke yake, kwa hiyo ubadilishe na kasha. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye mazabodi ya zamani, nayo inabaki huko huko. Mpaka umalize, kilichobaki cha kwake ni waya wa ukutani!

RAM (kumbukumbu ya muda) kaweka fimbo moja ya GB 16 kwenye mazabodi yenye sloti mbili. RAM ya aina hii, DDR4 ya 3200, fimbo moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, fimbo mbili ni 51.2, yaani kakata nusu ya barabara. Hilo nalisamehe, unaongeza fimbo ya pili yanaisha. Lakini pini sita haziongezeki! Mtu kakaa, kaandika RAHISI KUBORESHA, kwa wino, kwenye boksi, huku anajua kabisa ndani kaweka pini sita!

Bisibisi_Namba2
Mkuu, hesabu vizuri kabla hujapasuka mshipa. Zikiwa kumi, hiyo ni ATX12VO, kiwango halali cha Intel: pawasaplai inatoa volti 12 tu, volti 5 na 3.3 zinatengenezwa kwenye mazabodi. Pawasaplai zake unaweza kuzipata. Zikiwa sita, ndiyo, ni uganga wake mwenyewe.

MsumariWaMoto
Nimehesabu mara nne. SITA.

Bisibisi_Namba2
Basi pole. Adapta za 24 kwenda 6 zipo, ila usinunue kwa kuangalia umbo. Mpangilio wa waya hutofautiana kati ya modeli na modeli hata kama plagi inaingia vizuri. Pima kila pini kwa mita kwanza, hasa ule waya wa umeme wa kusubiri unaobaki hai mashine ikiwa imezimwa. Ukikosea huo mmoja mazabodi inakwenda. Na angalia diski za SATA zinapata wapi umeme. Kwenye mazabodi za namna hii mara nyingi waya wao unatoka kwenye mazabodi yenyewe, usiukate.

KashaWazi
Mleta uzi unapiga kelele kama umeibiwa ng'ombe, kumbe hukuuliza. Kabla ya kulipa unauliza vitu vitatu: jina kamili la mazabodi, kipimo cha pawasaplai, RAM ni fimbo ngapi. Muuzaji akijibu "ni kali sana hii" bila namba, unaondoka. Umesoma boksi! Boksi linakuonyesha pini?

MsumariWaMoto
Boksi limesema RAHISI KUBORESHA, ndugu yangu. Ningeuliza nini tena?

FeniTatu
Pini zinawaliza, mimi wa joto nilie wapi? Kioo mbele, kimezibwa kabisa, feni moja nyuma, halafu ndani prosesa ya wati 125 imekalishwa chini ya hitisinki (chuma cha kupooza prosesa) ya kimo cha sanduku la kiberiti. Ikifika digrii 100 prosesa inajipunguzia kasi yenyewe, hamuoni kosa lolote kwenye skrini, mnaona gemu linakwama mnalaumu kadi. Feni mbili mbele zivute, moja nyuma itoe, na mbele pawe na wavu, si kioo. Huyo wa mataa anaongeza taa kwenye feni zisizopata hewa!

WayaMwekundu
Na hao wa "unda mwenyewe, ni rahisi kama kupanga matofali" nao waje hapa leo. Hamsemi habari za waya! Pawasaplai za waya wa kuchomoa: upande wa kifaa kila plagi ina mpangilio mmoja, upande wa pawasaplai HAKUNA mpangilio mmoja, hata kwa mtengenezaji yule yule. Mtu anabadilisha pawasaplai, anaacha waya za zamani kwa uvivu wa kuzitandika upya, volti 12 zinapita panapotakiwa 5, diski zote zinakufa kwa sekunde moja. Mnaandika miongozo mirefu kama wosia na hilo hamlitaji.

KashaWazi
@WayaMwekundu ongeza na ya prosesa. Plagi ya 4+4 ni ya prosesa, 6+2 ni ya kadi. Safu ya volti 12 na safu ya ardhi zimegeuzana. Ukiona plagi inakataa, usisukume.

FeniTatu
Na vinguzo vya shaba chini ya mazabodi, vile vinavyoiinua isiguse kasha! Kimoja kikibaki pasipo na tundu la skrubu kinagusa mgongo wa mazabodi, shoti.

PestiKidogo
Kubwa kuliko yote ni pesti, ile ya kupitisha joto kutoka prosesa kwenda hitisinki. Mafundi wa mtandaoni wanaweka kama wanapaka siagi. Punje moja ya njegere katikati, inatosha.

WayaMwekundu
Punje moja kwenye prosesa kubwa za sasa inaacha pembe kavu. Kwenye prosesa za AM5 (soketi ya AMD) vipande vinavyotoa joto havikai katikati. Weka nukta tano, nne pembeni na moja katikati, au alama ya X. Ikizidi kidogo inabanwa nje tu, ikipungua ndiyo hatari.

PestiKidogo
Inabanwa nje inaingia wapi? Kwenye soketi! Usafishe wewe.

MsumariWaMoto
Jamani uzi ni wa PINI SITA. Sita kwenye boksi la RAHISI KUBORESHA!

Bisibisi_Namba2
@PestiKidogo pesti ya kawaida haipitishi umeme, ikidondoka unafuta kwa spiriti. Ile ya metali ya maji ndiyo inaua, na usiiguse kabisa na hitisinki ya alumini, inaila. Kikubwa kwa wenye AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, ambayo pini ziko kwenye prosesa: pesti ikishakauka usivute hitisinki juu. Iache mashine ifanye kazi dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya wa ukutani, fungua skrubu, zungusha hitisinki kushoto na kulia mpaka iachie. Ukivuta baridi, prosesa inachomoka nayo na pini zinapinda.

MsumariWaMoto
Pini zipi tena? Mimi za kwangu ni sita!

GB8_Tu
Samahanini wakuu, na ile nailoni ya chini ya hitisinki mpya inatolewa au inaachwa?

PestiKidogo
INATOLEWA!

WayaMwekundu
INATOLEWA! Mashine umeshaiwasha?

GB8_Tu
Iko digrii 98.