Vidato vya ngazi ya boti: mtiki, plastiki au bomba la stenlesi?

Nahodha_Kilindoni
Ndugu zangu, salaam. Nina boti ya faibaglasi inayopeleka wageni kuogelea na papa potwe hapa Mafia, na kwa kuwa mgeni mmoja hushuka na kupanda mara tano au sita katika safari moja, ngazi ya tezini, yaani nyuma ya boti, ndiyo inayochakaa kuliko kitu kingine chochote. Mabomba yake mawili yangali mazima, lakini vidato vinne, ambavyo mwenye boti wa kwanza alivitengeneza kwa plaiwudi na kuvipaka vanishi, vimevimba na kubanduka tabaka, na wiki iliyopita kimoja kilikatika mgeni akiwa amekikanyaga. Hakuumia, ila aibu niliipata mimi. Kila kidato kina urefu wa sentimita 40. Seremala ananishauri mvule, jirani anasifu mbao za plastiki, na muuza vyuma anataka nichomelee bomba la stenlesi nimalize kazi. Ninaomba ushauri.

Seremala_Tanga
Kaka, mvule si mbaya, lakini ukipata mtiki usihangaike na kingine, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani ya mti wenyewe huzuia maji na kuoza hata usipopakwa chochote. Huku kwetu si adimu, maana shamba la miti la Longuza liko Muheza. Sharti udai kiini, kwani ile sehemu nyeupe ya pembeni huoza kama mti mwingine wowote, na wauzaji hupenda kuichanganya. Unene wa milimita 30 utatosha. Vanishi usiiguse: ikilowa huteleza, na ikipasuka huyafungia maji ndani, jambo ambalo naona ndilo lililoiua plaiwudi yako.

Mwana_Lamu
Plastiki isidharauliwe. Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyorejelewa, lilishushwa majini hapa Lamu mwaka 2018. Hata hivyo, polyethilini, yaani plastiki ya mbao hizo, hulegea kwa joto la jua na kupinda chini ya uzito, kwa hiyo kidato cha sentimita 40 kitahitaji ubapa wa chuma chini yake, na matundu ya bolti yawe mapana kidogo, kwani hutanuka sana. Gundi haishiki.

Fundi_Vyuma
Bomba tupu ninalichomelea kila siku, lakini kwa mtu anayepanda pekupeku, mwili ukiwa mzito kwa maji, huumiza nyayo vibaya. Swali langu ni hili: mabomba ya ngazi ni ya nini?

Nahodha_Kilindoni
Ni alumini, mzee wangu.

Fundi_Vyuma
Basi hapo ndipo penye kazi kuliko kwenye mbao. Bolti ya stenlesi ikigusana na alumini katika maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo weka washa (visahani vyenye tundu) na vibomba vya kuivika bolti, vyote vya plastiki, ili bolti isiguse bomba popote. Bolti za shaba ya aina yoyote uziache dukani. Wala usikubali kupimiwa stenlesi kwa sumaku, kwa kuwa madaraja yake mawili ya kawaida, 304 na 316, yote kwa kawaida hayavutwi. Tazama kichwa cha bolti, kikiandikwa A4 ni daraja la 316, na A2 ni 304, ile itakayotoka madoa ya kutu mapema.

Nahodha_Kilindoni
Nimeelewa. Nitachukua mtiki wa kiini na bolti za A4, zipite mbao na bomba hadi upande wa pili. Seremala, kingo nizifanyeje?

Seremala_Tanga
Zizungushe zisiwe kali, na uchonge mifereji miwili mitatu juu ya kidato, kina milimita 2, kidole gumba kipate pa kushika.